Kupe hana mbio

Nilidhani ni adhabu.

Watoto kama kumi na wawili, wa darasa la awali, walikuwa wamesimama pembeni mwa kinjia nyuma ya shule, mikono imenyooshwa mbele, hakuna anayecheka, hakuna anayetikisika. Jua la saa nne la Dodoma lilikuwa limeshaanza kuuma. Mtu yeyote aliyesoma shule ya msingi nchi hii anaujua mkao ule. Mimi niliushika nikiwa darasa la tatu hadi mabega yakafa ganzi, kwa kosa la kucheka gwarideni. Tulikuwa tukitoka mashamba ya zabibu, wilayani Chamwino, gari likapata pancha, na wakati dereva anahangaika na jeki mimi nikachukua daftari nikavuka barabara. Njiani nilikuwa nimeshapata kichwa cha habari, tena kikali.

"Habari za kazi, mwalimu."

"Nzuri, karibu kaka."

"Hawa wamekosa nini?"

Akawatazama watoto, akanitazama mimi na daftari langu, kisha akacheka mpaka akashika kiuno. "Hawa? Hawa hawajakosa kitu. Hawa ni kupe."

Makala ya zabibu nitaiandika wiki nyingine.

Mchezo wenyewe uko hivi. Darasa linagawanywa nusu kwa nusu: nusu kupe, nusu watoto waliotumwa maji. Kupe ana masharti matatu, na hapo mwalimu hana masihara. Haruki, hakimbii, hapigi kelele. Anasimama kwenye jani lake anangoja. Kila kupe ameshika bua la kishonanguo lililokauka, lile gugu la mbegu nyeusi nyembamba kama sindano ambalo ukikatiza shambani linakuvika suruali mpya bila kukuuliza. Waliotumwa maji wanakuja na vidumu vitupu. Anayeshika katikati ya njia anafika salama. Anayeyumba pembeni kumfukuza panzi, au kumsukuma mwenzake, anaguswa na bua, na mbegu mbili tatu zinabaki kwenye sketi au kaptula.

Halafu hakuna kinachotokea. Hapo ndipo nilipovutiwa. Michezo yote ya utotoni ninayoikumbuka ina ile kelele ya kukamatwa: umeshikwa, umekufa, toka nje! Huu hauna. Aliyeguswa anaendelea na safari yake akiimba, hajui kama amebeba mtu. Kupe naye haruhusiwi hata kutabasamu, jambo ambalo kwa mtoto wa miaka mitano ni mateso ya kweli. Niliona mmoja amejiuma midomo mpaka machozi yanamlenga.

Mwisho wa njia kuna mwarobaini. Chini yake watoto wanakaa wawili wawili, wanatazamana, na kila mmoja anamwambia mwenzake: niangalie nikuangalie. Ukaguzi unaanzia juu. Nyuma ya sikio la kulia, nyuma ya sikio la kushoto, kisogoni, kwapani, kiunoni pale mkanda unapobana, nyuma ya magoti, kati ya vidole vya miguu. Mbegu zinahesabiwa kwa sauti, kwa hiyo hesabu nayo imepita humohumo. Siku ile bingwa alikuwa msichana mmoja mwembamba aliyefika na mbegu kumi na nne na hakujua hata moja. Alipoonyeshwa alizitazama kwa namna ya mtu aliyeibiwa akiwa macho.

"Na sehemu nyingine?" nilimuuliza mwalimu. Nilijua kwamba kupe hupenda penye joto na unyevu, na kinena ni mojawapo.

"Huko haangalii mtoto mwenzake. Huko ni mama au bibi, wakati wa kuoga, basi. Nimewaambia, na wazazi nimewaambia. Ukimfundisha mtoto kukaguliwa lazima umfundishe na nani asimkague."

Ana miaka arobaini na kidogo, zaidi ya kumi kati ya hiyo akiwa mbele ya watoto wadogo. Jina lake alinikataza. Alisema nikiliandika ataambiwa anajitafutia umaarufu, na kwamba shuleni kuna walimu wenzake wanaofundisha mambo makubwa zaidi. Sikubaliani naye, ila neno lake nimelishika.

Niliporudi mjini niliendelea kuuwaza ule mkao wa mikono. Kwa nini mbele? Kwa nini wasisimame tu? Nilimpigia simu usiku, na sauti yake ilibadilika kama ya mtu aliyekuwa anangoja kuulizwa.

"Umewahi kumwona mtoto mchanga anataka abebwe? Anafanyaje? Mikono hivi. Kupe ndivyo anavyofanya. Anapanda mpaka ncha ya jani, anajishikilia kwa miguu ya nyuma, ile miwili ya mbele anainyoosha. Anaomba abebwe. Kaka, huyu mdudu hana mabawa, haruki kama kiroboto, mbio hana. Kazi yake yote ni kuomba abebwe."

Sisi wa kizazi cha Azimio la Arusha tulimjua kupe mtu kabla ya kumjua kupe mdudu. Alikuwa bwana mwenye kitambi, mnyonyaji, ndugu yake mirija, na tuliambiwa tusiwe kama yeye. Kupe yule alikuwa mjanja na mwepesi wa kila kitu. Huyu wa kweli, niliyemjua ukubwani kupitia mwalimu wa awali, ni kiumbe wa subira inayotisha kidogo. Anaweza kukaa na njaa miezi, akipanda jani jioni na kushuka kwenye unyevu jua likizidi, akirudia, akirudia.

Na ile miguu ya mbele si mikono tu, ni pua pia. Karibu na ncha ya kila mguu wa mbele kuna kishimo kidogo chenye vinyweleo, na kwa hicho kupe anaisikia hewa tunayoitoa mapafuni, joto la mwili, harufu ya jasho. Anaponyoosha miguu anakuwa ananusa nani anapita. Mwalimu alilipata hilo kwa bwana mifugo wa kata, akalipeleka darasani siku iliyofuata, na kwa wiki nzima watoto walikuwa wakinusa uji kwa viganja.

Kisha mvulana mmoja, mchungaji wa mbuzi wa nyumbani kwao kila akitoka shule, akauliza: "Mwalimu, nikibana pumzi hatanisikia?"

"Nikamuuliza, utabana mpaka kisimani? Akafikiri. Akasema, nitabana penye majani marefu tu." Mwalimu alinyamaza kidogo kwenye simu. "Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina. Wewe unalo?"

Sina. Joto lake lingebaki palepale, na harufu, na goti lake lingeligusa jani vilevile. Lakini ni swali ambalo ningejivunia kuliuliza katika umri wangu huu.

Nilirudi wiki iliyofuata, safari hii bila pancha. Juu ya meza ya mwalimu kulikuwa na vifuniko vya soda vitatu. Kimoja kina mbegu za mchicha, kimoja ufuta, cha tatu maharage madogo. Mchicha ni kupe aliyetoka kwenye yai, mweusi, mdogo kuliko nukta ya kalamu. Ufuta ni kupe aliyekua kidogo na bado ana njaa. Harage ni kupe mama aliyeshiba, aliyeninginia siku kadhaa sikioni mwa ng'ombe, sasa anadondoka kwenda kutaga mayai yake kwa maelfu na kufa. Watoto wanapitisha vidole juu ya mchicha macho yamefumbwa, wajue jinsi kupe mdogo anavyohisika chini ya kidole: kama kipele kisichokuwepo jana.

Harage halikuwa chaguo lake la kwanza. Alianza na mbegu za nyonyo, na ukiziona utaelewa: zimevimba, zimenawiri, zina madoa ya kijivu na kahawia na kile kichwa kidogo mbele, kupe aliyeshiba mtupu. Wazungu wa kale waliliona hilo kabla yetu. Jina la kisayansi la mnyonyo, Ricinus, ni neno la Kilatini la kupe. Alizitumia siku moja tu. Mchana bibi mmoja aliyekuja kumchukua mjukuu wake alizikuta mezani akazizoa zote kwenye kanga bila kusema neno, kisha akamwambia mwalimu kando kwamba mtoto akizitafuna hizo hamtahitaji kupe. Ni kweli, mbegu ya nyonyo ina sumu kali. "Nilitaka kuwaokoa na kupe nikawawekea sumu mezani," alisema. Alilisema akicheka, lakini alilisema mara mbili.

Kosa la pili lilihusu miguu. Mwalimu alikuwa amewafundisha kwamba kupe si mdudu kama nzi au siafu. Nzi ana miguu sita, kupe ana minane, ndugu yake ni buibui. Wakaimba, wakachora. Wiki mbili baadaye mtoto mmoja alileta jani ndani ya kiberiti, na juu ya jani vumbi linalotembea. Wakalitazama kwa kioo cha kukuzia cha darasa la sita. Mmoja akahesabu, mwingine akahesabu, wakahakiki. "Mwalimu, huyu ana sita."

"Nilitaka kuwaambia mmehesabu vibaya. Mdomo ulishafunguka. Nikahesabu mwenyewe. Sita."

Alikwenda kwa bwana mifugo, kilomita tano kwa bodaboda, na kiberiti mfukoni, akimsisitiza dereva asipite kwenye mashimo. Jibu likawa kwamba kupe anapoanguliwa huwa na miguu sita. Akishapata mlo wake wa kwanza wa damu, akajivua ngozi, ndipo anatokea na minane. Watoto wakalipokea hilo bila tabu yoyote. Walisema basi hiyo miguu miwili ni ya kwetu, amenunua kwa damu yetu.

Bwana mifugo alimwongezea jambo lingine ambalo mwalimu hakulipenda: wako kupe wasiosubiri kwenye jani. Wanajificha ardhini, na wakimsikia mnyama wanatoka wanamfuata kwa miguu, taratibu. Nilimuuliza mbona hao hawamo kwenye mchezo.

"Mchezo una miaka mitano, kama wao. Hao wanaotembea watawakuta darasa la tatu."

Kuhusu kumtoa kupe aliyekwisha kung'ata, mtaani kwetu kila mtu ni daktari. Kuna wa mafuta ya taa, kuna wa kaa la moto, kuna wa tumbaku iliyotafunwa, na wa mafuta ya mgando. Mwalimu anayapinga yote kwa sababu moja: ukimkera kupe angali amezama kwenye ngozi, anaweza kurudisha ndani ya mwili kile alichokuwa nacho tumboni. Yeye ana kibano cha nyusi cha saluni, kimefungwa kwenye kitambaa safi. Unambana karibu kabisa na ngozi, pale mdomo ulipoingia, si tumboni; unamvuta juu polepole bila kumsokota; unaosha mahali hapo na mikono kwa maji na sabuni. Humminyi kwa kucha. Hili la kucha ndilo gumu, kwa kuwa watoto wa wafugaji wamekua wakiona wakubwa wakimtoa ng'ombe kupe na kumpasua juu ya jiwe kwa furaha ya kisasi. Damu ile ina yaliyomo, na kidole cha mtoto kina mchubuko.

Mtoto mwenyewe anafundishwa asimguse. Anafundishwa kusema: "Mama, nina kupe hapa." Sentensi hiyo wanaijua wote, wanaitamka kwa pamoja kama salamu. Na homa ikija ndani ya wiki mbili, au kidonda chenye kigaga cheusi kikitokea pale alipong'atwa, mzazi aende zahanati na aseme habari ya kupe bila kungoja kuulizwa. Nimewatazama wale watoto wakiitamka sentensi yao na nikamfikiria yule wa kubana pumzi, ambaye kuanzia saa saba mchana hadi machweo yuko porini na mbuzi kumi na nne na mbwa, na mtu mkubwa wa karibu yuko umbali wa kusikia mluzi, siku ambayo upepo ni mzuri. Mate ya kupe yanatia ganzi, hatasikia kung'atwa. Nani amwangalie nyuma ya sikio? Mwalimu alisema amemwambia amwite binti wa jirani anayechunga upande wa pili wa korongo. Sikujua niandike nini, nikaandika "binti wa jirani".

Nilipomuuliza haya yote yalianza vipi, nilitarajia semina. Alinisimulia habari ya mtoto mwingine kabisa, na kupe mwingine.

Miaka michache nyuma alikuwa na mwanafunzi aliyeumwa kwa mpango. Homa kali siku tatu, jasho, anapona, anarudi darasani anacheza. Wiki inapita, homa ileile. Anapona. Inarudi. Kila akipelekwa kupimwa kipimo cha haraka cha malaria kinasema hana, anapewa dawa ya kushusha homa, anarudishwa. Mara ya nne mtu wa maabara, mzee aliyekaribia kustaafu, alikataa kipimo cha haraka akachukua tone la damu akaliweka chini ya hadubini kama walivyokuwa wakifanya zamani. Akamwita mama wa mtoto achungulie. Kati ya chembe za damu kulikuwa na kitu kama uzi uliosokotwa, kinajinyonganyonga. Homa ya papasi. Dawa zake zipo na si za ajabu, na mtoto alipona. Kipimo cha haraka hakikuwa kimekosea. Kiliulizwa habari ya malaria kikajibu habari ya malaria.

Papasi wazee wa Dodoma hawahitaji kuelezwa. Ni kupe laini, wa rangi ya udongo, asiyeishi majanini kabisa. Anaishi ndani, kwenye nyufa za kuta na sakafu ya udongo, kwenye matembe, chini ya mkeka. Anatoka usiku, anakunywa kwa muda usiofika hata saa moja, anarudi ufani kabla hujaamka, na anaweza kufunga miaka akimngoja mtu mwingine ahamie. Huko Kongo, daktari Mwingereza Joseph Dutton akiwa na mwenzake John Todd alithibitisha kwamba ndiye anayeieneza homa hiyo, na homa hiyohiyo ikamuua Dutton huko Kasongo mwaka 1905 akiwa na miaka 30. Kijidudu cha ugonjwa kikapewa jina lake. Mwaka huohuo Robert Koch, akifanya kazi upande wetu huu chini ya Wajerumani, alikiona kijidudu hicho ndani ya mayai ya papasi, maana yake mama anawarithisha watoto wake. Karibu karne moja baadaye, hapahapa Chamwino, watafiti waliofanya kazi Mvumi walipulizia dawa nyumba zenye papasi na homa ikapungua kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Wanaoumia zaidi ni hao, na mama wajawazito.

Kwa hiyo nilimuuliza swali ambalo msomaji amekwisha kuliuliza. Mtoto aliyemwogopesha aliugua kwa papasi wa ndani. Kwa nini anafundisha kupe wa nje?

Hakukasirika. Alikuwa anakusanya vifuniko vyake vya soda, na aliendelea kuvikusanya.

"Kwa sababu kupe wa nje mtoto anamweza. Amesimama kwenye jani, mtoto anapita katikati ya njia, kwisha. Papasi nimfundisheje? Yuko chini ya kitanda cha bibi yake. Nimwambie mtoto wa miaka mitano afanye nini, ahame? Apige sakafu saruji? Siku moja nilijaribu, nikawaambia mlale kitandani juu, msilale chini. Nusu ya darasa walinyoosha mikono kusema kwao hakuna kitanda. Nikawaambia haya, tuimbe."

"Na wazazi?"

"Wazazi wanajua, kaka. Wanajua kuliko wewe na mimi. Mama mmoja kila mwaka anakandika ukuta upya, anaziba nyufa kwa udongo na majivu, mgongo unauma mpaka hawezi kuinama. Mvua inakuja, ukuta unapasuka. Nimwite kwenye kikao nimwambie nini? Azibe nyufa?"

Tuliondoka baada ya kengele ya mwisho. Dereva, ambaye mara hii alikuwa amefuatana nami hadi darasani kwa udadisi wake mwenyewe, alinisimamisha kabla sijapanda gari, akaniinamisha kichwa bila heshima yoyote, akanitazama nyuma ya masikio. Mbegu tatu za kishonanguo, zote kwenye soksi. Nami nikamwangalia.

Kilomita moja mbele tulimkuta yule mvulana na mbuzi wake. Yeye alikuwa katikati ya njia, sawasawa, fimbo begani, mbwa nyuma. Alipofika penye majani marefu mashavu yakavimba, macho yakamtoka, akaongeza mwendo. Mbuzi walikuwa ndani ya majani, pande zote mbili, wanakula.